"The Maltese Falcon": Sinema Iliyomhurumia Mpelelezi

Wapenzi wa riwaya za upelelezi watakuapia kwamba John Huston hakubadili kitu. Alikichukua kitabu cha Dashiell Hammett cha mwaka 1930, akamvalisha Humphrey Bogart kofia, akapiga picha ukurasa kwa ukurasa, basi. Karibu ni kweli. Mazungumzo mengi ya sinema ile ya 1941 yametoka kitabuni kama yalivyo. Lakini ndugu msomaji, hiyo "karibu" ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza tumpe mtu haki yake. Warner Bros. walikwisha kukitengenezea sinema kitabu hiki mara mbili, 1931 na 1936, na ile ya pili waliigeuza kichekesho, hata jina wakabadili. Huston, ambaye hii ilikuwa picha yake ya kwanza kuongoza, alikiamini kitabu. Hammett, aliyewahi kuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton, haingii kichwani mwa Sam Spade hata mara moja. Hatuambiwi moyo ulimdunda. Tunaonyeshwa vidole vikisokota sigara. (Spade wa kitabuni ni jitu refu lenye nywele za dhahabu, Bogart wala hafanani naye, na hakuna anayelalamika.)

Tazama usiku anaouawa Miles Archer, mshirika wa Spade. Kitabuni simu inalia gizani, tunasikia kitanda kikilia na sauti ya mtu akijibu, uso hatuuoni. Huston kafanya vilevile. Simu iko mezani, nyuma yake dirisha, pazia linapepea. Mkono unaichukua simu na kamera inabaki palepale, haimfuati mwenye mkono. Mtu anaambiwa mwenzake kafa, na sisi tunatazama pazia! Jamani, wengi wetu tunaochipukia hapo tungejaza ukurasa mzima wa machozi, kumbukumbu na viapo vya kisasi.

Sasa kesi yangu. Huston alikata vitu. Kuna kisa cha Flitcraft, ambacho Spade anamsimulia Brigid wakati wakimsubiri Joel Cairo: bwana mmoja wa Tacoma alikoswakoswa na boriti iliyodondoka kutoka kwenye jengo, siku hiyohiyo akatoroka, akaacha mke na watoto. Miaka baadaye akakutwa Spokane, ana mke mwingine na maisha yaleyale aliyoyakimbia. Kisa hiki hakihusiani na sanamu ya ndege inayogombaniwa. Mwenye sinema ya dakika mia na moja lazima akikate, simlaumu sana, ingawa ndipo mahali adimu Spade anapotuonyesha anavyoiona dunia.

Nisichomsamehe ni mwisho. Spade anamkabidhi Brigid kwa polisi, mwanamke ambaye pengine anampenda, kwa kuwa ndiye aliyemuua Archer. Milango ya lifti inafungwa, vivuli vyake vinaukata uso wa Brigid kama nondo za gereza. Bogart anabaki na sanamu ya bandia na sentensi moja tamu kuhusu ndoto, ambayo Hammett hakuiandika. Imechotwa kwa Shakespeare. Tunatoka tunampenda kweli. Kaumia, lakini kaumia kishujaa.

Kitabu hakiishii hapo. Jumatatu asubuhi Spade anaingia ofisini. Effie, katibu muhtasi wake, ambaye tangu mwanzo alimtetea Brigid, kwisha soma gazeti. Spade anapomshika kiunoni Effie anajitoa, anamwambia asimguse. Anajua bosi wake kafanya lililo sawa. Ila asimguse, si sasa. Halafu mlangoni yuko Iva, mjane wa Archer, ambaye Spade alikuwa akitembea naye mume yungali hai. Mwili unamsisimka, anasema aingie. Kwisha!

Unaona tofauti? Mwenye haki ananuka. Hammett hakumpa hata mtu mmoja wa kumwambia pole. Kwenye sinema Effie yupo, Iva yupo, uzinzi upo, lakini hiyo asubuhi haipo, na bila hiyo asubuhi Spade hajalipa chochote.

Sisi tumelelewa na Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na asiniambie mtu neno baya juu yao. Lakini angalia miswada tunayopitishiana wenyewe kwa wenyewe: mpelelezi kamaliza kazi, bia baridi mezani, mrembo begani, mwisho. Kesho yake iko wapi? Nani kati yetu kamwandika dada wa mapokezi anayemtazama shujaa na kurudisha kiti nyuma?

Ukiipata picha hii, itazame yote mara ya kwanza. Ya pili, zima kabla Bogart hajasema ile sentensi ya ndoto, halafu fungua kitabu, sura ya 20, kurasa zile za mwisho kabisa.