Picha Kando ya Herufi

Mara nyingi twavipita vitabu vya A, B, C kama vitu vya kitoto tu. Sisi twaona sivyo. Mwenye kuchagua picha ya kuweka kando ya herufi amekwisha kumchagua pia mtoto anayemtaka.

Tazameni kitabu cha Comenius, mwalimu wa Moravia, kilichopigwa chapa Nuremberg mwaka 1658. Ukurasa wake wa herufi umejaa viumbe walio hai: kunguru atoa sauti ya A, mwana-kondoo alia B, nyoka apuliza S. Mtoto aifahamu herufi kwa sikio kabla ya kuiandika. Tena, mwanzoni kabisa, mwalimu amwita mtoto aje ajifunze hekima, na mtoto hajibu "ndiyo, bwana". Auliza kwanza hekima ni kitu gani. Linganisheni na New England Primer, kitabu kilichoenea katika makoloni ya Waingereza huko Amerika tangu mwisho wa karne ya 17. Herufi F yaonyesha mjinga mvivu akichapwa shuleni! Vyote viwili vyafundisha kusoma. Lakini kimoja chamkaribisha mtoto, cha pili chamshuku.

Na kwetu? Katika kambi za Union Minière, shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, Wabenedikto wakiwa mbele. Wavulana walitayarishwa kwa karakana, wasichana kwa kushona na kutunza nyumba. Wengi walipata kusoma kwa njia hiyo, nasi twashukuru; lakini mtoto alikuwa amekwisha kupangiwa mahali pake kabla hajaijua A.

Tena kuna jambo la lugha, ambalo watungaji wengi hulisahau. Alfabeti za picha zilitungwa Ulaya, ambako mara nyingi neno halibadiliki kichwani. Kwa Kiswahili, chora mtoto mmoja, umepata M. Ongeza wa pili, tayari ni W. Kiti ni K, viti ni V. Mwenye kuiga bila kuisikiliza lugha amchanganya mwanafunzi. Ndiyo maana zile ba, be, bi, bo, bu za zamani, japo kavu, zatufaa sana: ba na ta ni bata, ba mara mbili ni baba.

Hata hivyo mtoto apenda picha, na ni haki yake. Basi hapa Kolwezi S ionyeshe nini? Shaba, bila shaka. Mtoto alijua lile jiwe la kijani, na wapo waliolibeba katika gunia siku ambazo wenzao walikuwa darasani. Tukiliacha, ataona kwamba kitabu hakipajui kwao. Tukimchora mvulana na sururu, tumemrudisha shimoni. Sisi tungelichora jiwe hilo juu ya meza ya shule, na msichana ameinama akilitazama, akimwuliza mwalimu, kama yule mtoto wa Comenius, hiki ni kitu gani.