Mlima Unaposogea Milimita Mbili

Upande wa kaskazini-magharibi wa Stromboli, kisiwa kidogo cha volkeno kilichoko kaskazini mwa Sicily, kuna mteremko mweusi uitwao Sciara del Fuoco. Hauna mti wala nyumba. Mawe ya moto yanayorushwa na kreta huangukia humo na kubingirika hadi baharini, usiku na mchana. Tarehe 30 Desemba 2002, siku mbili baada ya lava kuanza kutiririka, sehemu ya mteremko huo ilimeguka, juu na chini ya maji, mamilioni ya mita za ujazo. Bahari ikajibu kwa tsunami iliyopanda hadi mita 10 hivi kwenye ufuko wa kijiji. Bahati ya wanakijiji ilikuwa majira ya baridi, watalii hawapo. Ingekuwa Agosti, fukwe zimejaa watu, tungekuwa tunazungumza mengine.

Mwanzoni mwa 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florence walisimika rada kuukabili mteremko ule. Ukikiona chombo chenyewe hushangai: reli ya mita 3 na kigari chenye antena, kinachokwenda polepole kutoka ncha hii hadi ile, kisha kinarudi. Kwa mwendo huo antena ndogo hufanya kazi ya antena yenye upana wa reli nzima. Kinachounganisha ni hesabu. Kila baada ya dakika chache picha mpya huwa tayari, na giza, mawingu au moshi wa mlima haviizuii.

Wimbi la rada hiyo lina urefu wa milimita 17 hivi. Linagonga mwamba, linarudi, na kompyuta inaandika hata pale lilipofikia katika kupanda na kushuka kwake. Mwamba ukisogea milimita 2 kuielekea rada, safari ya kwenda na kurudi inapungua milimita 4, karibu robo ya wimbi. Hiyo si tofauti ya kufichika. Picha mbili zikilinganishwa hutoka michirizi ya rangi inayofuatana, kama mafuta ya gari yaliyomwagika juu ya dimbwi, na kila mzunguko kamili wa rangi ni takriban milimita 8 na nusu za mwendo.

Kazi inayonifanya niwavulie kofia wasomaji wa picha hizo inaanzia hapo, kwa sababu rangi hizo hudanganya. Unyevu wa hewa huchelewesha wimbi, hivyo asubuhi ya ukungu inaweza kuonyesha mlima mzima umerudi nyuma, kumbe hakuna hata kokoto iliyotikisika. Msomaji mzoefu huanza kwa kutafuta mwamba anaoujua kuwa imara. Ukionekana nao umesogea, anajua ni hewa, anaiondoa kwenye hesabu. Kisha anakusanya picha nyingi na kuzitafutia wastani, maana picha moja haimtoshi kusema lolote.

Halafu kuna zile sehemu zenye chengachenga tupu, zisizo na michirizi wala mpangilio. Uso wa ardhi hapo umebadilika mno hata picha mbili hazilingani tena: changarawe imeporomoka, au lava ya leo imeifunika ya jana. Mimi na wewe tungezitupa. Mwenye kazi yake anazifuata ukingo kwa ukingo na kuchora njia ambayo lava inapita sasa hivi. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha fundi, kupata habari pale ambapo wengine wanaona kasoro.

Isitoshe, rada huona tu kile kinachoisogelea au kinachojitenga nayo. Mwamba unaoteleza kwa ubavu huweza kuipita bila kuonekana. Ndiyo maana kuchagua mahali pa kuweka reli ni nusu ya kazi. Tena mwamba ukienda zaidi ya robo ya wimbi kati ya picha mbili, mashine haina njia ya kujua kama umekuja au umekwenda, na hilo linaeleza kwa nini kigari hakipumziki. Lava ilipofumuka tena tarehe 27 Februari 2007, rada ilifuatilia jinsi ardhi ya eneo la kreta ilivyotanuka na kuhama. Lakini volkeno ina mengi ya kushtukiza. Tarehe 3 Julai 2019, hukohuko Stromboli, mlipuko wa ghafla ulimuua mtu mmoja aliyekuwa akitembea mlimani.

Si kila mlima utapata reli yake. Kwa mingine kuna setilaiti za rada za Sentinel-1, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2014. Zinapita kwenye kimo cha karibu kilomita 700, kwa wimbi la sentimita 5 na nusu hivi, na setilaiti moja hurudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 12. Ubavu wa volkeno ya Anak Krakatau, Indonesia, ulikuwa ukiteleza kabla haujaanguka baharini tarehe 22 Desemba 2018 na kuleta tsunami iliyoua zaidi ya watu 400. Mwendo huo ulikuwamo ndani ya picha za rada, ila uchambuzi ulioueleza ulitoka baada ya maafa. Mei 2021, volkeno ya Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ilipolipuka, ni picha kama hizo zilizoonyesha magma imejipenyeza chini ya mji wa Goma na kuelekea chini ya Ziwa Kivu.

Picha za Sentinel-1 hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti, na programu za kuzichambua zinapatikana bure pia. Mwanafunzi wa Arusha au Goma anayetaka kujifunza kazi hii asingoje kuletewa reli. Aanze na volkeno ya jirani, Ol Doinyo Lengai au Nyiragongo, ajifunze kwanza kuuondoa unyevu.