Majina Tuliyovipa Virusi

Ukizichukua, msomaji, nakala mbili za utenzi wa kale ulioandikwa kwa mkono, utaona kuwa hazilingani. Mnakili mmoja aliruka neno, mwingine alibadili herufi, na aliyenakili baada yao akayarithi makosa pamoja na maneno sahihi. Mchunguzi mwenye subira aweza kutambua ni nakala ipi iliyozaa nyingine. Wakati wa janga la Korona wataalamu walifanya kazi ya namna hiyo. Kirusi cha ugonjwa ule kina maandishi ya urithi yapatayo herufi 30,000, na kila kijinakilipo chaweza kukosea. Kwa kuzisoma herufi hizo walijua kimegeuka vipi na kimetokana na kipi.

Kazi yenyewe siilaumu. Nalaumu maneno ambayo ulimwengu uliivika.

Mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2021 magazeti yalijaa majina kama "kirusi cha Uingereza", "kirusi cha Afrika Kusini" na, baadaye, "kirusi cha India". Jina la aina hiyo hudai kujua mahali kitu kilipozaliwa, hali lajua tu mahali kilipoonekana; na kuonekana kwahitaji mtazamaji. Mnamo Januari 2021 aina iliyoitwa baadaye Gamma ilitambuliwa Japani, miongoni mwa wasafiri waliotoka Brazili. Je, ilistahili kuitwa ya Japani? Nchi isiyo na vyombo vya kusomea herufi hizo husalimika na jina baya, hata kirusi kikizaliwa humo. Lawama ikawaangukia wenye bidii.

Tarehe 31 Mei 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri zitumike herufi za Kiyunani. Shauri hilo nalisifu, kwa maana jina kama B.1.1.529 halitamkiki sokoni, na Alpha haina nchi. (Hata hivyo Nu na Xi zilirukwa: ya kwanza husikika kama neno la Kiingereza lenye maana ya "mpya", ya pili ni jina la ukoo la watu wengi. Kumbe hata herufi zina jamaa zao!)

Lakini jina lilibadilika, tabia ikabaki. Novemba 2021, katika maabara za Gauteng, kipimo kilichozoea kuonyesha alama tatu za kirusi kikaanza kukosa moja. Wataalamu wa Afrika Kusini na wa Botswana walisoma herufi, wakakuta mageuzi mengi kuliko kawaida. Tarehe 24 Afrika Kusini ililiarifu Shirika la Afya Duniani. Tarehe 26 aina hiyo ikaitwa Omicron, na siku ile ile Uingereza na nchi nyingine za Ulaya zikawa zinawafungia milango wasafiri wa kusini mwa Afrika. Wazee walisema mjumbe hauawi. Huyu alifungiwa nje. Siku chache baadaye Uholanzi ilitangaza kuwa Omicron ilikuwamo katika vipimo vilivyochukuliwa kwao tarehe 19 na 23 mwezi huo, yaani kabla ya mjumbe kufungua kinywa.

Watetezi wa marufuku ile walisema kuwa walihitaji muda wa kujitayarisha. Hoja hiyo si nyepesi. Ila fikiri, msomaji, juu ya wataalamu wa Kilifi, pwani yetu, ambao miaka hiyo hiyo walikuwa wakisoma herufi za virusi vya Kenya na vya nchi nyingine za Afrika. Lau wao ndio wangaliiona Omicron kwanza, ungaliwashauri watangaze siku ile ile, au wangoje jirani atangulie?