Kiini, Kiraka na Ufa: Uhakiki wa Istilahi za Usalama wa Kompyuta

1.0 Utangulizi

Istilahi za kompyuta katika Kiswahili kwa kawaida hupimwa kwa ufupi wake na kwa ulinganifu wake na neno la lugha chanzi. Kwa istilahi za usalama vigezo hivyo havitoshi, kwani neno la usalama humtaka mtumiaji atende jambo, tena upesi. Makala haya yanahakiki maneno matatu, yaani kiini, kiraka na ufa, kwa kuyapeleka Yanonge, mji mdogo ulio kando ya Mto Kongo, chini ya Kisangani, katika jimbo la Tshopo. Katika eneo hilo Kiswahili huishi bega kwa bega na Lingala na lugha za wenyeji kama Kilokele. Aidha, simu ya mkononi ndiyo kompyuta ya watu wengi, na simu zinazotumia Android huendeshwa kwa kiini cha Linux. Kwa hiyo kasoro ya kiini hicho si habari ya mbali.

2.0 Kiini

Neno kiini lina sifa ya kueleweka bila mwalimu. Yai lina kiini. Mti nao una kiini, na seremala hukithamini kwa kuwa ndiyo sehemu imara ya mbao. Hata hivyo, taswira hiyo inaonyesha mahali tu, haionyeshi kazi. Kiini cha mti kimetulia. Kiini cha mfumo hakitulii hata kidogo. Hicho ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachozipa programu zamu, na kinachoamua nani aguse faili ipi. Ni bawabu kuliko kuwa moyo wa mbao. Msomaji asipoelewa ubawabu huo, hataona kwa nini kasoro moja ndogo humpa mgeni funguo za nyumba nzima.

3.0 Kiraka na ufa

Neno kiraka linatoka kwenye nguo. Linabeba fikra ya uhitaji na hata ya aibu, na zaidi ya hayo linaruhusu kungoja: shati lililochanika huvaliwa wiki nzima kabla ya kushonwa. Ufa una nguvu zaidi, kwa kuwa methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta tayari imekwisha kumfunza msikilizaji gharama ya kuchelewa. Lakini ufa huonekana kwa macho, na huletwa na uchakavu. Kasoro ya kiini haionekani, na mara nyingi iliwekwa na mjenzi mwenyewe bila kujua.

Mfano bora ni kasoro iliyopewa jina la Dirty COW, iliyotangazwa na kurekebishwa Oktoba 2016. Ilihusu namna kiini kinavyonakili kurasa za kumbukumbu programu inapotaka kuziandika. Kwa kuvizia nafasi finyu kati ya hatua mbili, programu isiyo na haki iliweza kuandika katika faili iliyoruhusiwa kuisoma tu, na hatimaye kujitwalia mamlaka yote. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikiri kuwa alijaribu kuirekebisha mwaka 2005, marekebisho yakaondolewa kwa sababu ya matatizo katika aina moja ya mashine za IBM. Mwaka 2017 ikagunduliwa kwamba hata marekebisho ya 2016 hayakukamilika. Hapa neno kiraka linajitetea: kiraka juu ya kiraka ni picha ya kweli.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo maneno yote mawili hayalisemi. Marekebisho ya Linux husomwa na kila mtu, mwizi akiwemo. Anayeyasoma hujifunza tundu lilikuwa wapi. Hivyo simu isiyosasishwa huwa hatarini zaidi baada ya kiraka kutolewa kuliko kabla yake. Mwashi anayeziba ufa wa ukuta wake hafungui ufa kwa jirani. Mrekebishaji wa kiini, bila kukusudia, humwonyesha mwizi nyumba ambazo hazijazibwa. Tangu Agosti 2015 Google hutoa taarifa za usalama wa Android kila mwezi, lakini marekebisho hayana budi kupitia kwa mtengenezaji wa simu, na simu nyingi za bei nafuu huachwa mapema. Kumwambia mwenye simu hiyo "ziba ufa" ni kumpa kazi bila udongo.

4.0 Funzo la ngoma

Ufumbuzi unaweza kutafutwa papo hapo mtoni. Ngoma ya Walokele, iliyochongwa kutokana na gogo, ina toni mbili tu. John F. Carrington, mmisionari aliyefanya kazi Yakusu, alieleza katika kitabu chake cha 1949 kwamba maneno mengi hufanana toni, hivyo mpigaji hapigi neno peke yake. Mwezi hutajwa kwa fungu zima linalousifu kuwa unaitazama dunia kutoka juu. Urefu huo si mapambo. Ndio unaozuia ujumbe kupotoshwa.

Istilahi za usalama zinahitaji kanuni hiyo. Kiraka kibaki kuwa jina, lakini kiandamane na fungu lake: "Kiraka cha kiini: tundu limekwisha kujulikana, sasisha kabla mwingine hajalitumia." Na kwa simu iliyoachwa: "Simu hii haitapata viraka tena, usiweke ndani yake siri za fedha." Itadaiwa kwamba kioo cha simu ni kidogo. Mpigaji ngoma naye angependa kuchoka kidogo, lakini alijua kuwa ujumbe mfupi usioeleweka hurudiwa mara tatu.

5.0 Hitimisho

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kuwa Kiswahili kinaweza kubeba programu nzima ya ofisi. Huko swali lilikuwa jina la kitufe. Katika usalama swali ni kama msomaji ataelewa hatari inayomkabili na nini kilicho katika uwezo wake. Wanaistilahi wangefanya vyema kulisoma onyo lao mbele ya mwenye simu wa Yanonge, kisha wamwulize atafanya nini. Akijibu kuwa atangoja, neno hilo lirudishwe mezani.