Kijana Asiye na Utoto: Uhalifu katika Nairobi Half Life

Filamu ya Nairobi Half Life (2012), iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, imerithi mengi kutoka kwa filamu za uhalifu za Marekani za baada ya Vita vya Pili vya Dunia: usiku, polisi wala rushwa, kijana anayenaswa hatua kwa hatua. Nguvu yake, hata hivyo, imo katika uigizaji kama jazanda. Mwas, muuza filamu kijijini ambaye huziigiza mbele ya wateja, aja mjini kutafuta jukwaa. Alipata, huku akiiba vipuri vya magari pamoja na genge la Oti. Hotuba yake ya mwisho, baada ya wenzake kuuawa, yawageukia watazamaji wa tamthilia, na wa filamu pia.

Kasoro iko kwa Oti. Mwas ana mama, kijiji na ndoto. Oti hana jana. Meja Mwangi naye, katika Kill Me Quick (1973), aliwatoa vijana wake mashambani, kana kwamba uhalifu hushuka kutoka kwenye basi. Nyumba nyingi za mwanzo za Eastlands zilijengwa na wakoloni kwa dhana kwamba mfanyakazi Mwafrika ni mwanamume asiye na familia. Mtoto hakuwamo katika ramani. Katika filamu hii Sheng, lugha iliyokomaa katika mitaa hiyo, yasikika kote, ila aliyezaliwa nayo haulizwi alilelewa na nani.