Uzi Kabla ya Kiondo

Jani la mkonge lina mwiba mweusi nchani, na mwiba huo ndio wa kwanza kuondolewa. Kisha mama hulipasua jani kwa urefu, vipande vyembamba kama kidole, akakibana kipande kimoja kati ya ubao na makali butu ya panga kuukuu, na kukivuta kwa nguvu moja isiyokatika. Nyama ya jani hubaki nyuma ikichuruzika maji ya kijani. Upande wa pili hutoka singa ndefu nyeupe, zinang'aa kama nywele zilizooshwa sasa hivi. Maji yale huwasha ngozi, ndiyo sababu hufunga gunia juu ya leso yake na kuwafukuza watoto wanaosogea karibu.

Nimeitazama kazi hii kwa miaka, pande zote mbili za mto Athi: Makueni huku Kibwezi, na Kitui kule Ikutha, tangu siku ambazo ukishaacha barabara kuu ya Mombasa ulikula vumbi hadi Mutomo. Sasa lami imefika. Makonge hayajabadilika. Yamesimama kwa safu kwenye mipaka ya mashamba, yanashika udongo na kuzuia mbuzi, na mwenye shamba akiulizwa amepanda nini atataja pojo, mbaazi na mahindi, asiyataje.

Hata hivyo mkonge ni mgeni hapa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai pwani ya nchi jirani iliyokuja kuitwa Tanganyika ilikuwa 62 tu. Kiondo, kikapu kinachosukwa leo kwa uzi wa mkonge, kilikuwepo zamani kuliko hapo. Mabibi wa Kikamba walisokota magome, ya vichaka vya nyikani na ya mbuyu, na hadi leo ukanda wa chini wa Kitui Kusini una mibuyu yenye makovu marefu shinani palipobanduliwa gome. Mbuyu huvumilia. Gome huota tena, likabanduliwa tena na mjukuu wa yule aliyelibandua kwanza.

Singa zikishaoshwa na kuanikwa, ndipo kazi ninayoipenda kuliko zote inapoanza. Mama anaketi chini, miguu ameinyoosha, leso ameikunja juu ya goti. Anachukua singa chache, anazigawa mafungu mawili, anayalaza pajani yakiwa yameachana kidogo. Kiganja kinashuka kuelekea gotini, na kila fungu linajiviringa peke yake. Kiganja kinarudi, na mafungu yale mawili yanakumbatiana, yakiviringana kwa upande ulio kinyume na wa kwanza. Hapo ndipo ilipo nguvu ya uzi. Kila fungu linataka kufunguka huku, uzi mzima unataka kufunguka kule, na kwa kuwa vyote viwili vinavutana, hakuna kinachofunguka. Manowari hufungwa gatini kwa kanuni hiyo hiyo.

Tazama pia anavyounga. Hangoji singa ziishe. Zikibakia kama urefu wa shubiri, anachomeka nyingine katikati ya fungu, kiganja kinashuka, kinarudi, na ukipitisha kucha hapo hutaona palipoungwa. Anafanya hivyo akizungumza na jirani kuhusu karo ya shule, macho yake hayako pajani. Ngozi ya paja hilo imekuwa ngumu na laini kwa pamoja, kama mpini wa jembe la siku nyingi. Mabibi zetu walikuwa wakisuka hata njiani, mzigo wa kuni mgongoni, mkanda wa mzigo umepita kichwani, mikono iko huru, na kiondo kinakua kutoka nyumbani hadi kisimani.

Siku moja karibu na Ikutha nilimuuliza mama mmoja, umri wa kunizaa, ambaye kwa Kikamba nilimwita mwaitu, mama, swali ambalo kila mgeni huliuliza.

"Mwaitu, kiondo hiki kimekuchukua siku ngapi?"

Alimaliza mshono aliokuwa nao kwanza. "Mwanangu, unauliza kusuka ama unauliza kiondo?"

Nilinyamaza.

"Kusuka ni siku tano, kama sina shamba. Kiondo ni tangu mkonge."

Jibu hilo limenikaa. Aliyeagiza kile kiondo alikuwa ameagiza kusuka. Bei ilipangwa kwa inchi za kitako na kimo. Kukata mkonge, kuparua, kuosha, kuanika, kuchemsha rangi, kusokota, yote hayo yalihesabika kuwa ni mambo ya mama mwenyewe, kana kwamba uzi huota mtini ukiwa tayari umesokotwa. Siku tano za kusuka zilikuwa na thamani. Siku zilizotangulia hazikuwa na jina.

Lakini kuna mahali ambapo siku hizo zilipewa jina, na ni mbali sana na Ikutha. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni, Shirika la Kazi Duniani, ILO, huitisha mkutano wake mkuu jijini Geneva. Kila nchi hupeleka wajumbe wanne: wawili wa serikali, mmoja wa waajiri, mmoja wa wafanyakazi, na kila mmoja ana kura yake, anaweza hata kupiga kura kinyume na mwenzake wa nchi moja. Kenya ilijiunga Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya Uhuru. Mkutano wa kwanza kabisa ulifanyika Washington mwaka 1919, na mkataba wake wa kwanza ulihusu saa: saa nane kwa siku, saa arobaini na nane kwa wiki, viwandani. Tangu mwanzo walikuwa watu wa kuhesabu saa. Kiwandani hilo linawezekana, kwa kuwa kuna king'ora cha kuingia na cha kutoka. Chini ya mwembe anaposukia mama yule wa Ikutha hakuna king'ora.

Walioileta habari ya mwembe mezani ni wanawake. Huko Ahmedabad, India, Ela Bhatt aliunda chama cha SEWA mwaka 1972, cha wanawake, wakiwemo waliokuwa wakisokota sigara za bidi, wakidarizi na kushona majumbani mwao kwa malipo ya kipande, na kwa miaka mingi chama hicho na wenzao wa nchi nyingine walishikilia kwamba mtu anayefanya kazi sakafuni kwake ni mfanyakazi. Mkutano ukalijadili jambo hilo mwaka 1995, ukalirudia 1996, kama ilivyo desturi ya kuujadili mkataba mara mbili kabla ya kuupitisha. Waajiri walisimama kinyume. Tarehe 20 Juni 1996 ukapitishwa Mkataba nambari 177, pamoja na Pendekezo nambari 184.

Jina la mkataba huo lataka uangalifu kwa Kiswahili. Ukisema "kazi za nyumbani," Mkenya yeyote atafikiria msichana anayeosha vyombo na kulea mtoto wa tajiri wake. Huyo ana mkataba wake mwingine, nambari 189 wa mwaka 2011. Huu wa 1996 ni wa kazi inayofanyiwa nyumbani. Neno hilo moja, "inayofanyiwa," ndilo linalomtenga msusi na yaya, na nashukuru kwamba lugha yetu inaweza kubeba tofauti kubwa kiasi hicho kwa neno dogo hivyo.

Nimeisoma ibara ya kwanza mara nyingi, na naiheshimu kama ninavyouheshimu mkono wa mama yule. Inasema mfanyakazi wa aina hii ni mtu anayefanya kazi nyumbani kwake, au mahali pengine alipochagua ambapo si mahali pa kazi pa mwajiri. Anafanya kwa malipo. Na kinachotoka ni bidhaa au huduma kama alivyoelekeza mwajiri. Kisha yanakuja maneno ambayo mtu asiyejua ususi angeyapita haraka: bila kujali ni nani anayetoa vifaa, malighafi au pembejeo nyingine. Yaondoe maneno hayo, na mwenye oda atasema mara moja, "Mkonge ni wake, rangi kanunua yeye, panga ni lake. Mimi nimenunua tu kiondo." Aliyeyaandika alijua kwamba hoja hiyo itatolewa, akaifunga kabla haijazaliwa.

Ibara hiyo haimgeuzi kila msusi kuwa mwajiriwa, na ni haki isimgeuze. Inamwacha nje yule mwenye uhuru na uwezo wa kutosha kujitegemea. Mama akisuka kiondo kwa mchoro wa kichwa chake, akakipeleka sokoni mjini Wote na kukataa bei asiyoitaka, huyo ni mfanyabiashara na anaitwa hivyo. Juma linalofuata simu inalia: viondo thelathini, inchi kumi na mbili, rangi ya kahawia na nyeusi, vifike kabla ya mwisho wa mwezi. Mama ni yule yule, paja ni lile lile, ila sasa kuna mtu anayemwelekeza. Hapo ndipo mkataba unapomtambua.

Na zile siku zisizo na jina? Ziko kwenye Pendekezo. Linataka mtu huyu afidiwe gharama anazoingia kwa ajili ya kazi, maji na nishati zikiwemo, na alipwe pia muda anaoutumia kutunza vifaa, kubadilisha zana, kuchambua, kufungua na kufungasha, na shughuli nyingine za aina hiyo. Nilipofika hapo nilikumbuka sufuria ya rangi, kuni tatu chini yake, na jerikeni la maji lililotoka mbali. Linasema pia kwamba tarehe ya kukabidhi kazi isimnyime mfanyakazi mapumziko ya siku na ya wiki yanayolingana na ya wafanyakazi wengine. Nimewaona kina mama wakisuka hadi usiku wa manane kwa taa ya simu kwa sababu gari la kubeba oda linakuja alfajiri. Nimeona pia viondo tisa vikirudishwa kwa kuwa wekundu wake ulizidi kidogo ule wa picha, na rangi, kuni na siku zote zikamwangukia msusi. Nilikuwepo, na sikuwa na la kumwambia.

Finland ilikuwa ya kwanza kuuridhia mkataba huo, mwaka 1998, na mwaka 2000 ukaanza kutumika. Nchi zilizoufuata ni chache, na Kenya haimo. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 inaitambua kazi ya kipande, yaani malipo kwa kiasi cha kazi bila kuangalia muda uliotumika. Hayo maneno "bila kuangalia muda" ndiyo yanayoniuma, na ningependa Kenya iuridhie mkataba huu wakati waliosokota uzi tangu miaka ile ya 1990 bado wako hai kuona.

Nirudi kwenye kiondo, maana sijasema kinavyosukwa. Kinaanzia kitovuni, kwa nyuzi chache zilizopishana msalaba. Hizo ndizo mbavu. Nyuzi mbili nyingine huzunguka, moja mbele ya ubavu, moja nyuma, zinapishana, halafu ubavu unaofuata. Kitako kinapopanuka nafasi huachana, na mama huchomeka ubavu mpya pale jicho lake linapoona pengo. Akichelewa kitako kinajikunja, akiharakisha kinafanya mawimbi. Kikifikia inchi zilizotakiwa anaacha kuongeza, na bila kukilazimisha kiondo chenyewe kinasimama, kuta zinapanda. Mchoro uko kwenye hesabu tu: mishono mingapi ya kahawia, mingapi myeusi, na kila mzunguko hesabu inasogea hatua moja ili mstari upande kwa mshazari. Hajaandika popote.

Siku ile nilikaa hadi ukingo. Ncha za mbavu zilikuwa zimesimama juu kama nywele za aliyeshtuka, na alizilaza moja baada ya nyingine, kila moja ikipita chini ya mwenzake na kuingia ndani. Aliwasha kibiriti, akakipitisha haraka ukutani mwa kiondo kuunguza malaika ya singa, harufu ikawa ya nyasi kavu. Halafu akakigeuza, akachungulia kitovu, akasukuma kwa kidole gumba mshono mmoja ambao mimi sikuona kasoro yake. Jua lilikuwa limeshaegemea. Kando yake palikuwa na madonge manne ya uzi wa oda inayofuata, na juu ya ukuta wa matofali singa mbichi za asubuhi zilikuwa bado hazijakauka.