Hisa ya Serikali, Kura ya Raia

Wandugu, tuseme wazi. Alphamin inachimba bati kule Bisie, hapa hapa Walikale: mwaka 2024 zilitoka tani zaidi ya 17,000. Serikali yenyewe ina hisa ya asilimia 5 katika mgodi. Basi anayepaswa kukagua ndiye anayekula faida. Mimi nauliza: nani atamkagua yeye? Raia, kwa kura. Lakini Desemba 2023 jirani zetu wa Masisi hawakupiga kura, juu ya vita. Machi 2025 vita ikasimamisha mgodi; Aprili kazi ikaanza tena. Kwa mgodi, njia ilipatikana upesi. Sheria ya 2018 inaipa sekta yenye mgodi asilimia 15 ya mrabaha. Sisi tuliopiga kura tumuulize mbunge pesa hiyo imejenga nini, bila kungoja kampeni.